Tiketi Tatu za Mjane

Niseme ukweli kwanza: siku ushuru ule ulipotangazwa, mimi nilipiga makofi. Sikupiga kidogo. Nilisimama mbele kabisa, mikono juu ya kichwa, ili wakubwa wa soko waone kwamba yule mama wa unga yuko pamoja nao.

Ulikuwa mwaka ule serikali ilipoanza kukata ushuru hata kwenye pesa ya simu. Kampala walisema hela hakuna, kila ofisi ibane matumizi, na kila mji ujitafutie. Kwetu Bwera kujitafutia maana yake ni soko. Sisemi lile kubwa la mpakani ambako malori hupanga foleni. Nasema soko dogo la juu, la Jumatatu na Alhamisi, ambako Wakongo hupanda kununua vitu vya kula. Zamani kila mwenye meza alilipa tiketi moja kwa siku, basi. Mwenye lundo la magunia alilipa sawa na mimi mwenye vikopo vyangu vya maharagwe. Sasa mwenyekiti wa kamati akatuambia kwa kipaza sauti kwamba dhuluma hiyo imekwisha. Kila mzigo utakaopita langoni utalipa tiketi yake, kwa hiyo mwenye vingi atalipa vingi. Nikasema moyoni, leo Mungu ameamkia upande wetu. Nikapiga makofi mpaka viganja vikawasha.

Mtego wa panya, wahenga walisema, huingia waliomo na wasiokuwamo. Mimi nilikuwa nimeusaidia kuutega.

Ngoja nijieleze, maana watu huniuliza Kiswahili hiki nilikitoa wapi. Baba yangu alitoka Kenya kuja kufanya kazi ya saruji, nikazaliwa Kasese mjini, na nyumbani kwetu hatukusema lugha nyingine. Nikaolewa na mtu wa kabila la Wakonzo, dereva, kijana wa kilima cha juu ya Bwera. Tukazaa watoto watatu. Kitinda mimba alikuwa bado hajaota meno baba yake alipokufa. Baada ya maziko, shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, aliniita nyuma ya nyumba akaniambia, "Shemeji, hii batoto ni yetu. Sikufukuzi. Lakini siku utashindwa, utaleta wao nyumbani." Aliyasema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Mtu anayekutishia kwa hasira unaweza kugombana naye. Huyu hakuwa akinitishia, alikuwa akinieleza mambo yalivyo.

Nikateremka Bwera, nikapanga chumba kimoja, nikapata meza sokoni. Nikajua hesabu yangu ni moja tu: meza ikisimama, watoto wangu wanalala kwangu. Meza ikianguka, wao watapanda kilimani, na mimi nitarudi Kasese kwa mama nikiwa peke yangu kama nilivyotoka.

Niliuza vitu vitatu. Unga wa muhogo, maharagwe, na samaki wakavu nilioletewa kutoka Kasenyi. Chumba changu kilikuwa chini bondeni, na njia ya sokoni ni mpando mtupu. Wenye waume walikuwa na baiskeli. Mwanaume anafunga magunia yote juu ya baiskeli, anaisukuma huku jasho linamtoka, mke anatembea pembeni na mkoba wake, wanapita langoni mara moja. Gurudumu likipita mara moja, huo ni mzigo mmoja. Tiketi moja. Sisi tusio na waume tulibeba kwa miili yetu. Wenzangu wa kilimani walibeba mgongoni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso, mimi nilibeba kichwani kama mama alivyonifundisha. Unga kwanza, nikarudi. Maharagwe, nikarudi. Samaki mwisho. Wanasema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Pale kwetu Mnyamwezi hakuwepo, alikuwepo mjane.

Alhamisi ya kwanza ya ushuru mpya nilipita na unga, nikalipa. Niliporudi na maharagwe, mtoza ushuru akaninyooshea mkono. Alikuwa mwanajeshi mstaafu, mtu wa shati lililopigwa pasi na maneno machache, na sote tulimwita afande.

"Tiketi," akasema.

"Nimelipa, afande. Si umenikatia sasa hivi?"

"Ile ilikuwa ya unga. Hii ni mzigo ingine."

"Ni meza ile ile, mtu yule yule."

"Mama, mimi nalinda lango. Silindi meza."

Wakati huo huo ikapita baiskeli yenye magunia matatu na jogoo juu yake. Afande akakata tiketi moja. Nikamwangalia, naye akaangalia pembeni. Nikalipa ya pili, na niliporudi na samaki nikalipa ya tatu. Mwenye magunia matatu alikuwa amelipa moja. Ebo, nikajiuliza, huyu mwenye vingi atakayelipa vingi ndiye mimi?

Nilijaribu kila ujanja. Nilijaribu kubeba vyote kwa safari moja, unga kichwani, maharagwe mgongoni, samaki mkononi, nikateleza kwenye mpando, unga ukamwagika njiani na kuku wa watu wakaja kufaidi. Nilijaribu kumlipa mtu mwenye baiskeli, naye akataka karibu sawa na tiketi mbili, tena na soda. Nilijaribu kuacha samaki, lakini samaki ndio walionipa faida, unga na maharagwe vilikuwa vya kuitia tu wateja. Kufika mwezi wa pili maji yalikuwa yamezidi unga. Mtoto wangu mkubwa alirudishwa nyumbani kutoka shule kwa ajili ya karo, akanikuta natenga vikopo mezani. Akachukua kopo akaanza kupima maharagwe, na mimi moyoni nikamwona shemeji akisimama mlangoni kwangu kwa upole wake.

Basi tukaenda kwa kamati, wanawake watano. Mimi ndiye niliyesema, kwa kuwa wenzangu walisema mdomo wangu haujui kupumzika. Mwenyekiti alitusikiliza akichezea kalamu.

"Ushuru iko sawa kwa watu yote," akasema. "Mzigo moja, tiketi moja. Hakuna mutu tumependelea."

"Mzee, umepima mizigo au umepima safari?" nikamwuliza. "Vitu vyangu vyote havijai nusu ya baiskeli ya jirani yangu. Mnanitoza kwa sababu sina mtu wa kunisukumia. Huo si ushuru wa biashara, ni ushuru wa msiba."

Halafu wakanong'onezana, na mwenyekiti akatoa alichokiita huruma. Mama anayelea watoto peke yake atalipa tiketi moja kwa siku, apite mara ngapi apendavyo. Ila alete barua. Barua iseme kwamba katika nyumba yake hakuna mwanaume, isainiwe na mkubwa wa ukoo wa mume, kisha mwenyekiti wa kijiji apige mhuri.

Mimi nilishukuru mpaka nikapiga goti. Wenzangu wanne hawakusema kitu. Tulipotoka, mmoja wao, muuza pasheni, mjane kama mimi, akaniambia, "Weye tangulia. Sisi tutaona." Nikawaona wazembe. Nikasema, watu hawa wanapewa haki yao mkononi wanaogopa kutembea mpaka kwa shemeji zao. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi kamba yangu nilikuwa sijaiona bado.

Jumamosi nilipanda kilimani. Nilivaa gauni langu zuri la kanisani, kwa heshima. Barua nilikuwa nimeiandika mwenyewe kwa mwandiko safi, ili shemeji asihangaike ila kusaini: Mimi mkubwa wa ukoo nakubali kwamba katika nyumba ya marehemu ndugu yangu hakuna mwanaume. Yeye alikuwa uani anaanika kahawa. Akaisoma. Akaliangalia gauni langu, akaisoma tena barua. Akaikunja mara nne akaitia mfukoni.

"Tutakaa kesho kisha kanisa," akasema. "Kuja na batoto."

Niliteremka kilima nikiimba. Haki ya Mungu, nilikuwa naimba.

Jumapili nilikuta mikeka imetandikwa na watu wanane wamekaa, wa upande wa marehemu wote. Mama mkwe alikuwepo, na wifi yangu. Chai ya maziwa ilikuwa tayari. Watoto wakapewa ndizi wakatolewa nje. Shemeji akafungua kwa sala, sala ndefu, akamwomba Mungu anipe heri huko niendako. Nikaitikia amina huku najiuliza ni wapi huko. Kisha wifi akasema mkubwa atakaa kwake kwa kuwa shule iko karibu. Wa kati atakaa kwa bibi. Kitinda mimba, wakasema, bado mdogo, aachwe na mama yake mwaka mmoja, halafu naye apande.

Nikawauliza, "Mnawagawa watoto wangu kwa nini? Nimekosa nini?"

Mama mkwe ndiye aliyenieleza, na alinieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. Kwao mjane anayetaka kuolewa kwingine haondoki kimya kimya. Humwendea mkubwa wa nyumba, amevaa vizuri, akamwomba aseme kwamba pale hana mwanaume tena. Akishasemewa hivyo yuko huru, aende popote, hakuna atakayemsumbua. Na watoto hubaki kwa baba yao, maana hawakuja naye. Mimi nilikuwa nimeyafanya yote hayo, tena kwa maandishi. Kila mwanamke aliyezaliwa kilima kile aliyajua, ndiyo maana wale wanne walinyamaza pale kwa kamati. Mimi peke yangu ndiye niliyebeba kisu nikampelekea mtu anichinje.

Nililia, sioni haya kusema. Nililia kwa hasira na kwa woga, na kwa kujiona mpumbavu mbele ya wakwe. Nilipomaliza kulia nikayatoa yote: lango, afande, baiskeli, tiketi tatu, unga uliomwagika, mtoto aliyerudishwa kutoka shule, kamati na barua yao.

Shemeji akaitoa ile barua mfukoni, akaiweka juu ya goti.

"Kwa hiyo hii ni ushuru?" akauliza.

"Ni ushuru, shemeji."

"Haiko bwana?"

"Bwana nitampa saa ngapi? Saa zote nimewapa wateja na watoto wenu."

Wifi ndiye aliyeanza kucheka, kisha mama mkwe akajifunika mdomo kwa kitambaa, na mwishowe mkeka mzima ukacheka. Lakini shemeji hakucheka sana. Akairarua barua ikawa vipande.

"Mimi sitasaini," akasema. "Nikisaini, nimesema ndugu yangu hakuacha mutu. Nimesema mimi nimekufa. Batoto yake iko na baba, na baba ni mimi. Hiyo tiketi sijui, lakini hiyo neno sitasema."

Nilitaka kumjibu vibaya, neno nikalimeza, kwa kuwa niliona ana haki. Na mimi nilikuwa na haki. Tulikuwa watu wawili wenye haki tuliogombanishwa na karatasi ya sokoni. Jirani yangu mwenye baiskeli hakuambiwa alete barua ya kuapa chochote. Yeye alilipa kwa vitu vyake, akapita. Mimi, ili nilipe sawa naye, nilitakiwa kwanza nijikane, nimkane marehemu, nikane na ukoo wa watoto wangu, ndipo nihurumiwe. Mpaka leo nikisikia mkubwa anasema wajane watapewa msamaha wa kodi wakileta uthibitisho, huwa nauliza uthibitisho huo unaumiza nani. Sikuwa nimeomba huruma. Nilikuwa nimeomba mizani.

Hapo ndipo akili ilinirudia. Nikafuta macho nikasema, "Vizuri, shemeji. Kama nyumba yangu ina mwanaume, Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi aje na baiskeli yake. Mizigo ni mitatu."

Wanaume wakaangalia chai zao. Kumwamuru mkubwa wa nyumba mbele ya ukoo si adabu, najua, na siku nyingine ningeomba radhi. Mama mkwe akaweka kikombe chini.

"Atakuja," akasema.

Na alikuja. Sitamsingizia, alikuja kabla sijamaliza kuwachemshia watoto uji. Akafunga unga, maharagwe na samaki kwa kamba za mpira, akasukuma mpando ule akipumua kwa nguvu, mimi nikitembea pembeni na mkoba kama mke wa mtu. Afande akatuona. Akakata tiketi moja. Sikumwambia kitu, nilimpa tu tabasamu la meno yote.

Shemeji hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alitaka kupumzika, akakaa kwenye jiwe karibu na lango, na pale ndipo alipoona kwa macho yake. Alimwona muuza pasheni akipita, akalipa. Akamwona tena, na kamba imemkata paji la uso, akalipa. Alipopita mara ya nne, shemeji akasimama. Yeye na mama yule walikuwa wa kilima kimoja, walibatizwa kanisa moja. Nikamsikia akimwuliza afande kama macho yake iko mazima. Afande akamjibu kwamba amri ni amri, na kwamba yeye mwenyewe hakulala vizuri tangu ianze. Hilo la pili sikulitegemea.

Alikuja Jumatatu iliyofuata, na Alhamisi yake. Siku hiyo aliegemeza baiskeli kwenye meza yangu, akasema, "Shemeji, mimi nachoka. Na kahawa yangu inaanguka chini, hakuna mutu wa kuchuma." Nikajua tumefika pale nilipopaogopa. Kama angekosa kuja nami nikabaki tena na tiketi tatu, meza isingemaliza muhula ule, na alilijua hilo kama mimi. Angeweza kusema basi, walete watoto, neno lake lilikuwepo tangu maziko. Nilimtazama usoni nikingoja aliseme. Nilikuwa nimeshika kopo la maharagwe kwa mikono miwili.

"Hiyo kamati inakaa wapi?" akauliza.

Tukaenda wote, na wale wanawake wanne, na wengine wakajiunga njiani. Shemeji alivua kofia akasema maneno machache sana. Alisema nyumba ya ndugu yake ina mwanaume, na mwanaume huyo ni yeye, amesukuma baiskeli siku tatu na mgongo unamwuma. Alisema wao wamepima safari badala ya kupima mizigo. Alisema mwenye kuuza ana meza moja, walipishe meza. Kama wanataka pesa ya wenye vingi, wawatoze wenye meza tatu tatu, na wenye kuleta kwa lori, watu hao wanaonekana, hawajifichi. Na akasema asisikie tena mutu anaagiza barua ya kusema ndugu zake hawapo.

Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa kila sentensi. Yale yale niliyoyasema mimi akichezea kalamu, leo aliyaandika. Nilisimama pale nyuma nikiwa na furaha na nikiwa na hasira, na sikujua nianze na ipi.

Tulipotoka nilimshukuru shemeji, nikapiga goti kama inavyopasa, kisha nikamwambia, "Lakini hayo yote nilishawaambia."

"Uliambia," akasema. "Ila weye ulisema na kasirani."

"Na wewe ulisema na suruali."

Akacheka mpaka akashika baiskeli asianguke. Tangu siku hiyo hajanitajia tena habari ya kushindwa. Watoto hupanda kwake likizo, wanachuma kahawa, wanarudi wamenenepa.

Wiki mbili baadaye utaratibu ulibadilishwa. Meza moja, tiketi moja, na wenye meza nyingi na malori walipe zaidi. Walinung'unika, lakini walilipa, na soko halikufa kama walivyotabiri. Jumatatu ya kwanza nilibeba unga kichwani, nikalipa. Niliporudi na maharagwe, mkono wa afande ulianza kunyooka, ukasimama njiani, ukarudi mfukoni. Nikapita. Nikaleta samaki, nikapita. Nikavipanga vitu vyangu mezani vizuri, nikamwomba jirani aniangalizie. Kisha nikatoka nje ya lango, nikasimama kidogo barabarani, nikageuka nikaingia mara ya nne, mikono mitupu.

"Umesahau kitu, mama?" afande akaniuliza.

"Sijasahau kitu," nikamwambia, nikapita polepole.